Blanketi la farasi Limuru, Juni hadi Agosti: nibaki na yapi mawili kati ya haya matatu?

Saisi_Tigoni

Wakuu, habari za kazi. Natafuta ushauri wa watu wanaovisha farasi kila siku.

Farasi mwenyewe ni wa mbio, ametoka Ngong mwaka huu. Dume aliyehasiwa, miaka 7, kama kilo 450, manyoya mafupi, nundu ya mabega imechomoza. Hajanyolewa. Mchana yuko malishoni, jioni anaingia bandani. Banda ni la mbao, mlango wa nusu, paa la mabati. Huku Tigoni mnajua Julai ilivyo: ukungu na manyunyu tangu alfajiri, jua likionekana ni saa saba mchana, na usiku ni baridi ya kung'ata.

Mwenye farasi amepata mablanketi matatu ya mtumba, anataka tubaki na mawili na la tatu liuzwe. La kwanza ni la mvua, 300g, 600D, lina kifuniko cha shingo, lebo 6'6". La pili pia ni la mvua, 100g, 1200D, halina shingo, lebo 145. La tatu ni la bandani, 200g, halizuii maji, lebo 75. Nimempima farasi kutoka katikati ya kifua hadi mwisho wa tako, nikapata sentimita 190.

Kwa sasa anavaa lile la kwanza kwa kuwa ndilo zito. Manyoya ya mabegani yameanza kukatika pande zote mbili, na asubuhi nikiingiza mkono nakuta unyevu. Huo unyevu ni mvua imepenya au ni jasho? Na hizo namba za lebo, mbona kila moja inasema lake?

FundiTandiko_Nyk

Tuanze na namba. 6'3" ni futi 6 na inchi 3, yaani inchi 75, yaani sentimita 190 na nusu. Kwa hiyo hilo la tatu lenye 75 ndilo saizi ya farasi wako, ila limeandikwa kwa inchi tupu kama wafanyavyo Wamarekani. Waingereza wanaandika futi na inchi, na saizi zinapanda kwa inchi 3 kila hatua. Hiyo 145 ni ya bara la Ulaya, na wao wanapima juu ya mgongo, kutoka nunduni hadi shina la mkia. 145 ya kiwanda kimoja inaweza kuwa 6'3", ya kingine 6'6". Usiiamini. Litandaze sakafuni, funga bizimu za kifuani kwenye tundu la katikati, kisha pima ubavuni kutoka katikati ya kifua hadi pindo la nyuma. Ukipata kati ya 188 na 193 uko sawa.

Sasa lile unalomvisha. 6'6" ni 198, limezidi kwa sentimita 8, na hapo ndipo mabega yanapoumia. Watu wanadhani anayebanwa ndiye anayechubuka. Kweli dogo linachubua, lakini kubwa linachubua zaidi, kwa sababu tundu la shingo nalo ni kubwa. Farasi akitembea blanketi linarudi nyuma, pindo la shingo linashuka nyuma ya nundu, na uzito wote unaning'inia kwenye ncha za mabega. Kila hatua ni msasa. Kulikaza kifuani hakusaidii. Unachofanya ni kulibandika msasa huo karibu zaidi.

Ukitaka kujua kama blanketi limekaa, mvishe, mtembeze mizunguko kadhaa, halafu angalia haya. Pindo la shingo likae mbele ya nundu kwa upana wa kiganja, siyo juu yake wala nyuma yake. Kiganja kilicholala kipite bila kusukuma kati ya blanketi na nundu, na vilevile kwenye bega. Pindo la nyuma liishie shina la mkia linapoanzia, na kile kipande kinachofunika mkia ndicho kishuke chini. Ubavuni lishuke hadi kufunika kiwiko na goti la nyuma la juu, ili usione tumbo likichungulia.

Halafu mpe nyasi chini. Hiki ndicho kipimo ambacho wengi wanakiruka. Farasi akisimama kichwa juu, kila blanketi linaonekana limemkaa. Akiinamisha kichwa ale, bega linasonga mbele na kifua kinapanuka, na hapo ndipo utaona kama bizimu inamkaba. Farasi wa malishoni anashinda kichwa chini siku nzima, kwa hiyo kifunge kifua akiwa ameinama, siyo akiwa anakutazama.

Mikanda miwili ya tumboni ipishane katikati ya tumbo, na iachie nafasi ya kiganja kilichosimama wima, kama sentimita 10. Ikilegea zaidi ya hapo, akigaragara anaweza kuingiza kwato. Ikibana, inamkata akilala. Mikanda ya mapajani: wa kushoto upite katikati ya miguu urudi kushoto, wa kulia upitishwe ndani ya kitanzi cha wa kushoto kisha urudi kulia. Kupishanisha hivyo ndiko kunakoizuia isisugue mapaja. Klipu zote zitazame ndani, upande wa mwili, zisije zikanasa kwenye waya wa ua. Vile vyuma vya tumboni vyenye umbo la T hufunguka vyenyewe raba yake ikichakaa. Kata pete nyembamba kwenye tyubu kuukuu ya baiskeli, ivalishe, kazi imekwisha.

Kuhusu D: hiyo ni uzito wa uzi kwa gramu katika urefu wa mita 9,000. 600D ni uzi mwembamba, unafaa farasi mtulivu aliye peke yake. Akiwa na wenzake wanaong'atana, au ua ni wa seng'enge na miiba, anza na 1200D. D haina habari na joto. Blanketi la 1200D lenye 100g ni gumu kuliko la 600D lenye 300g, ila ni jepesi kwa joto.

Ushauri wangu: uza la 6'6". Kwa nundu kama hiyo, tafuta pia kisibau cha nailoni laini cha kuvaa chini, manyoya ya mabegani yapate kuota. Kisibau hakitibu saizi mbaya, lakini saizi ikishakuwa nzuri kinamaliza kazi.

Masaisi_Newmarket

Fundi amemaliza saizi, mimi niongeze la joto.

Hizo gramu ni uzito wa pamba ya poliesta ndani ya mita moja ya mraba ya kitambaa. 0g ni koti la mvua tu. 50 hadi 100 ni jepesi, 200 ni la kati, 300 na zaidi ni zito. Ukivisha mawili pamoja, jumlisha.

Majedwali ya joto unayoyakuta kwenye mfuko wa blanketi yameandikiwa farasi wa huku Uingereza. Usiyahamishe Limuru yalivyo, kwa sababu mbili zinazovutana. Kwanza, manyoya ya farasi huota kufuata urefu wa mchana kuliko baridi yenyewe. Huku Desemba mchana haufiki saa 8, Juni unapita saa 16, kwa hiyo farasi anaota manyoya mazito kabla baridi haijafika. Limuru iko karibu na ikweta, mchana ni saa 12 mwaka mzima, na farasi wa mbio ataingia Julai na manyoya yaleyale ya Februari. Kwa hiyo anahitaji msaada kuliko jedwali linavyodhani.

Sababu ya pili inavuta upande wa pili. Baridi yenu si baridi ya kuganda. Farasi mzima aliyezoea hali ya wastani, mkavu, asiyepigwa na upepo, huanza kutumia nguvu ya ziada kujipasha joto likishuka karibu na nyuzi 5. Limuru Julai usiku unashuka chini ya 10, lakini mchana unapanda tena. Kinachomtesa farasi wenu ni maji na upepo. Manyoya makavu husimama na kushika hewa. Yakilowa yanalala, hewa inatoka, na nyuzi 12 zenye mvua zinamuumiza kuliko nyuzi 4 kavu. Kwa hiyo nunua kinga ya maji kwanza, gramu baadaye.

Ndiyo maana 300g kwa farasi ambaye hajanyolewa naliona kosa. Hilo ni la farasi aliyenyolewa mwili mzima kwenye barafu. Sasa unyevu wako utautambua hivi. Jasho liko nyuma ya kiwiko, mabegani na kati ya mapaja, mwili ni wa moto, manyoya yananata, na yakikauka yanaacha chumvi nyeupe. Mvua iliyopenya iko juu ya mgongo kufuata mshono na pale mikanda ilipopigiwa cherehani, na bitana ni baridi ukiigusa. Kwa 300g, nadhani utakuta la kwanza.

Usipime joto kwa masikio, yanadanganya. Ingiza mkono chini ya blanketi nyuma ya bega. Pakiwa na uvuguvugu na pakavu, mwache. Pakiwa pamoto au panateleza, punguza. Pakiwa pabaridi, kabla ya kuongeza blanketi mwongezee nyasi. Nyasi zinachachuka kwenye utumbo mkubwa saa nyingi baada ya kuliwa, na uchachu huo unatoa joto kutoka ndani. Farasi wa kilo 450 anahitaji kilo 7 hadi 9 za nyasi kavu kwa siku. Pima kwa mizani, maana marobota hayalingani, na sehemu kubwa mpe jioni. Pumba haifanyi kazi hiyo.

Mchana jua likitoka, livue. Kitambaa cheusi kisichopitisha hewa kwenye jua la ikweta, hata kama ni 0g, kinampika.

Saisi_Tigoni

Shukrani sana. Nimelipima la 145: ni sentimita 191, kumbe ni saizi yake. La 6'6" naliweka kando leo. Unyevu nimeukagua kama mlivyosema, uko nyuma ya kiwiko na una chumvi. Jasho.

Sasa jambo jingine. Nilipolivua lote nimekuta mgongoni vigaga vidogo, ukivuta kimoja kinatoka na kishungi cha manyoya na chini pana wekundu. Ni ukurutu wa blanketi? Na je, blanketi lina msaada wowote kwa wadudu? Majirani wamepoteza farasi kwa ugonjwa ule wa mapafu.

Mganga_wa_Kwato

Vigaga vinavyotoka na kishungi cha manyoya kama brashi ndogo ya rangi, mara nyingi ni maambukizi ya bakteria aitwaye Dermatophilus congolensis. Aliandikwa mara ya kwanza mwaka 1915 kutoka kwa ng'ombe wa Kongo ya Kibelgiji, na huku kwetu anajulikana zaidi kwa ng'ombe na mbuzi. Anaishi kwenye ngozi akisubiri mambo mawili: unyevu wa muda mrefu na ngozi iliyolainika. Blanketi linalomtoa jasho limempa yote mawili, na joto juu yake.

Cha kufanya: blanketi lisirudi mgongoni mpaka pakauke. Loweka vigaga kwa maji ya vuguvugu, toa vile vilivyolegea tu. Ukivinyofoa kwa nguvu unafungua kidonda na farasi anakuchukia. Osha kwa sabuni yenye klorheksidini, iache kama dakika 10, suuza, kausha kabisa kwa taulo. Vigaga visiachwe chini, vina vijidudu, vichome. Brashi, taulo na blanketi la farasi huyo visiguse mwingine. Vikienea miguuni, au akiwa na homa, au ngozi ikitoa usaha, mwite daktari wa mifugo, kuna antibiotiki za sindano.

Kama badala ya vishungi ungekuta mabaka ya mviringo yaliyonyonyoka, yenye magamba ya kijivu, hasa chini ya mikanda, hilo lingekuwa jambo jingine: choa. Nao hupita kwa blanketi na vifaa vya kutandikia, na mwanadamu anaambukizwa. Mablanketi ya mtumba yafuliwe na dawa ya kuua kuvu kabla ya kugusa farasi yeyote. Ulifanya hivyo?

Kuhusu wadudu. Ugonjwa wa mapafu wa farasi unaenezwa na visubi, vijidudu vya milimita 1 hadi 3, na vinauma zaidi kati ya machweo na macheo. Blanketi la wavu la kuzuia inzi lina matundu ambayo kisubi anapita bila kuinama. Kwa hiyo blanketi la wavu si kinga. Kinga ni chanjo kwa ratiba ya daktari, kumwingiza bandani kabla jua halijatua na kumtoa likishachomoza, wavu mdogo kabisa madirishani, na dawa ya jamii ya permethrini inayoruhusiwa kwa farasi. Wavu uliopuliziwa dawa hiyo unasaidia kidogo, lakini mtu asiuhesabu kuwa ndiyo chanjo. Na punda milia wanabeba virusi vya ugonjwa huo bila kuugua, jambo la kukumbuka kwa walio Nanyuki na Naivasha wanaopakana nao.

Kwa inzi wakubwa wanaouma mchana ni tofauti, hapo wavu una maana. Tim Caro na wenzake walichapisha mwaka 2019 utafiti uliofanywa Uingereza: farasi waliovishwa blanketi la milia nyeusi na nyeupe walituliwa na inzi hao mara chache kuliko wakiwa na blanketi jeusi au jeupe tupu, na vichwani, ambako hakukuwa na milia, tofauti haikuonekana. Kwa hiyo ukikuta mtumba wa milia usidhani ni mapambo.

Kingine ambacho blanketi linakificha ni kupe. Kila unapolivua pitisha vidole chini ya singa, kwapani, ndani ya mapaja na chini ya mkia.

FundiTandiko_Nyk

Nakazia hilo la kulivua. Blanketi livuliwe lote mara moja kwa siku, siyo kukunjwa nusu. Farasi anaweza kukonda wiki tatu chini ya 200g na hakuna anayeona. Pitisha kiganja mbavuni. Mbavu uzisikie kwa kubonyeza kidogo lakini usizione kwa macho. Na nywele nyeupe zikianza kuota nunduni kwa farasi wa rangi nyeusi au kahawia, hizo ni alama za mgandamizo, hazirudi rangi yake.

Namna ya kumvisha: likunje katikati, liweke mbele zaidi ya linapotakiwa kukaa, lifungue, kisha livute nyuma kufuata ulalo wa manyoya. Likienda nyuma kupita kiasi usilisukume mbele, linua uanze upya, vinginevyo manyoya yanabaki yamesimama chini yake na farasi anasugua usiku kucha. Funga kifua, kisha tumbo, mwisho mapaja. Kumvua ni kinyume chake.

Kipande_cha_Ngano

Fundi, kwa heshima, hapo kwa kifua kwanza sikubaliani nawe kwa farasi mgeni au mwoga. Mkanda wa kifua ukiwa umefungwa peke yake naye akashtuka, blanketi linazunguka na kumwangukia miguu ya mbele, anajikanyaga. Mimi nafundisha tumbo kwanza, kisha kifua.

FundiTandiko_Nyk

Na tumbo likiwa limefungwa peke yake, blanketi linarudi nyuma hadi kinenani, na farasi wengi mkanda ukiwagusa hapo wanarusha mateke mpaka lipasuke. Kila njia ina sekunde chache za hatari. Kwa farasi mwoga dawa ni wawili, mmoja ashike kamba, asifungwe nguzoni. Tusilobishana wewe na mimi ni mapaja: yanafungwa mwisho, yanafunguliwa kwanza, na haitokei hata sekunde moja yakawa yamefungwa peke yake. Saisi anayesahau klipu moja ya pajani halafu akalivuta blanketi atapigwa teke, na farasi hana kosa.

Kipande_cha_Ngano

Hapo tuko pamoja, mzee.

Niongeze la kufua, kwa sababu mablanketi mengi ya mvua hayafi kwa kuchakaa, yanauawa na sabuni. Matope yaache yakauke, yapige kwa brashi ngumu, kisha mpira wa maji baridi. Likihitaji kufuliwa hasa, maji yasizidi nyuzi 30 na sabuni iwe laini isiyo na vimeng'enya. Sabuni ya unga ya kufulia nguo inavua ule utando wa kuzuia maji, na dawa ya kulainisha nguo ni mbaya zaidi. Usilikamue kwa kulisokota. Anika kivulini penye upepo, upande wa bitana ukiwa nje kwanza, kisha geuza. Jua kali la siku nyingi linakausha utando unaanza kumeguka, utauona kama unga mweupe ndani ya kitambaa.

Kujua kama bado linazuia maji, usimwagie ndoo, hiyo haisemi kitu. Ning'iniza pembe nne ifanyike kama bakuli, weka lita mbili tatu za maji, acha saa moja, kisha pitisha mkono chini. Likiwa limelowa sehemu moja, ni tundu. Likiwa limelowa kufuata mstari, ni mshono. Likiwa limelowa lote, utando umekwisha: pulizia dawa ya mahema likiwa safi na kavu kabisa, au liuze kama la bandani.

Viraka: fundi wa soko la Gikomba, Nairobi, atakushonea vizuri kwa bei ndogo, lakini kila tundu la sindano ni mlango wa maji. Kiraka cha ubavuni ashone, kisha wewe paka gundi ya mahema juu ya mshono kwa ndani na nje. Cha mgongoni kisishonwe hata kidogo, kibandikwe tu, kwanza kwa sababu ya maji, pili kwa sababu mshono mnene juu ya uti wa mgongo unachubua. Na ukinunua siku nyingine, chagua lisilo na mshono wa katikati ya mgongo. La turubai la pamba ni jingine kabisa: hilo linapakwa nta, na jipya lilowe mara moja likauke kabla ya kutumika, nyuzi zijae na matundu yafunge.

Saisi_Tigoni

Mmenisaidia sana. Kwa hiyo: la 145 la 100g malishoni siku za manyunyu, la 75 bandani usiku wenye baridi kali tu, la 6'6" liende. Hayakufuliwa na dawa ya kuvu, nitaanza na hilo kesho.

La mwisho. Akirudi jioni amelowa chapa, mvua imemkuta bila blanketi, nimvishe lile la bandani lililo kavu moja kwa moja au nisubiri akauke? Kukauka mwenyewe huku kwenye ukungu inachukua usiku mzima.

Masaisi_Newmarket

Usimvishe moja kwa moja. Pamba ya poliesta itanyonya maji na kuyashikilia mgongoni, asubuhi utakuwa na vigaga vyako tena. Anza na kile chuma au plastiki ya kukwangulia maji, mwili mzima isipokuwa miguu na kichwa. Kisha taulo, na uyakaushe masikio kwa kuyavuta polepole kwenye kiganja. Ukiwa na blanketi la flisi, mvishe hilo. Linavuta maji kutoka kwenye manyoya na kuyapeleka juu. Baada ya kama nusu saa utaona matone kama umande juu ya flisi. Livue, mvishe flisi ya pili kavu, na usimvishe la bandani mpaka chini ya mkono pawe pakavu.

Kipande_cha_Ngano

Kama flisi hakuna, kuna njia ya zamani na haina gharama. Tandaza nyasi kavu au mabua ya ngano mgongoni na kiunoni, unene wa kiganja, kisha funika kwa gunia la juti lililopasuliwa pembeni likawa shuka, au lile la bandani ukiligeuza bitana juu. Lishike kwa mkanda mpana wenye sponji nene pande mbili za uti wa mgongo, uti wenyewe usiguswe, na usikaze zaidi ya vidole vinne kupita. Hewa inapita kwenye mabua, mvuke unatoka, naye hapotezi joto. Baada ya saa moja hadi mbili atakuwa mkavu. Ondoa mabua yote, pitisha brashi, ndipo umvishe la bandani. Tumia mabua makavu yasiyo na ukungu, maana atakayekuwa karibu nayo kwa saa mbili ni pua yake. Na la bandani ulilogeuza lianike kwanza, upande uliokuwa chini utakuwa umeloa mvuke.